Mshahara Huhesabiwa Nyumbani



Leo tuzungumze juu ya jambo linaloingia katika nyumba nyingi bila kupiga hodi, nalo ni kutafuta kazi mpya. Watu wengi hulichukua kuwa jambo la mtu mmoja. Mume anatafuta, mume anapata, mume anakubali, mke anaambiwa. Au mke anaitwa kwenye usaili, na mume anazisikia habari hizo kwa jirani. Lakini aliyeoa au kuolewa hawezi kubadili kazi peke yake. Akibadili yeye, nyumba nzima imebadili saa za kuamka, saa za kula, na pengine hata mahali pa kulala.

Tuchukue mfano. Tumeutunga wenyewe, ila wasomaji wetu wa Lamu wataona kwamba hauko mbali na milango yao.

Bwana mmoja ni mpishi katika nyumba ya wageni huko Shela. Anaishi mjini Lamu pamoja na mkewe na watoto watatu, na huenda kazini kwa miguu, mwendo wa kama dakika 40 kando ya bahari. Mke hupika mahamri na mbaazi alfajiri na kuuza mlangoni. Mchana hushona nguo za watu. Mama mzazi wa mume, ambaye miguu yake haina nguvu tena, anakaa nao. Mshahara wa mume ni shilingi 18,000 kwa mwezi. Lakini kuanzia Aprili hadi Juni, mvua na upepo wa kusi vinapowafukuza wageni, hulipwa nusu. Mtoto wa kwanza karibu ataingia shule ya upili.

Jioni moja mume anarudi na uso mkunjufu.

"Mama watoto, nimepata kazi Mombasa. Elfu thelathini."

"Mungu ashukuriwe. Umeshawajibu?"

"Nimeshawajibu. Naanza tarehe mosi."

Mke hanyanyui uso. Anaendelea kukuna nazi. Mume anaingia chumbani amekasirika. Ameleta habari njema, na mkewe hata kufurahi hakufurahi.

Je, ni nani aliyekosa? Mume hakukosa kutafuta kazi yenye mshahara mzuri zaidi, maana ada ya shule haimsubiri mtu. Mke naye hakuwa mtu asiye na shukrani. Alikuwa anapiga hesabu kimya kimya. Nani atamwinua mama mkwe kitandani? Kijana wa miaka 14 ataogopa sauti ya nani? Cherehani itafanya kazi saa ngapi? Kosa ni hili moja: habari ilifika nyumbani ikiwa imekwisha kuwa uamuzi.

KWA NINI LAMU WATU HUBADILI KAZI

Tusiwalaumu haraka wale wanaohangaika. Katika visiwa vya Lamu kazi imekuwa kama mchanga wa ufuoni, leo uko hapa, kesho maji yameuchukua.

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na wengi waliweka tumaini lao kwa wageni. Kisha Septemba na Oktoba 2011 wageni walitekwa nyara Kiwayu na Manda, na hoteli zikabaki tupu. Juni 2014 zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya karibu. Ikafuata amri ya kutotoka nje usiku, na wavuvi waliozoea kutega usiku wakakaa nyumbani. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti nchini, na wakata boriti wa mikoko nao wakaguswa. Machi 2020 ukaja ugonjwa wa Korona, na wapishi, mabaharia wa mashua za wageni na waendesha punda wote wakakosa kazi kwa mara moja.

Upande wa pili kuna bandari. Mradi wake ulizinduliwa Machi 2012, na gati ya kwanza ikafunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Kwa wengine ilileta kazi. Kwa wavuvi ilikuwa habari nyingine. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya hasara waliyopata. Mtu aliyerithi uvuvi kwa babu yake anaweza kujikuta, akiwa na miaka 40, anaandika barua ya maombi ya kazi kwa mara ya kwanza maishani.

Kwa hiyo kutafuta kazi mpya si kukosa utulivu, wala si tamaa. Mara nyingi ni wajibu. Swali letu ni namna ya kutafuta bila kuivunja nyumba ile ile tunayoitafutia.

HATUA YA KWANZA: LITAJENI PENGO

Kabla hamjasema "tunataka kazi nyingine", kaeni wawili na mseme kinachokosekana. Watu wengi husema "pesa hazitoshi", wakaishia hapo. Hilo halitoshi. Pesa hazitoshi lini? Mwezi upi? Kwa jambo lipi? Kwa kiasi gani?

Turudi kwa mpishi wetu. Yeye na mkewe wangekaa na daftari wangeona kwamba nyumba yao haiyumbi mwaka mzima. Miezi 9 wanakula, wanalipa, wanaweka kidogo. Miezi 3 ndiyo inayowaumiza, kwani kila mwezi wanakosa shilingi 9,000. Jumla yake ni 27,000 kwa mwaka. Hilo ndilo pengo lao, na juu yake itaongezeka ada ya mtoto.

Mwenye kujua kwamba pengo lake ni la miezi 3 hatafuti dawa sawa na mwenye pengo la miezi 12. Huenda anachohitaji ni kazi ya kujazia miezi ile: kuwapikia mafundi wa ujenzi ng'ambo ya Mokowe, kupika kwenye harusi na mikutano, au kuweka 2,000 kila mwezi wakati wa wageni ili Mei isiwakute mikono mitupu. Huenda pia akazungumza na mwajiri wake kwa adabu kuhusu kupandishiwa mshahara, jambo ambalo wengi huliogopa kuliko kuhama mji.

Na kuna pengo lisilo la pesa. Pengine mume amechoka kudharauliwa kazini. Pengine mke anaona aibu kwamba amesoma lakini kila siku anauza mahamri. Mambo hayo nayo yasemwe. Yasiposemwa hujificha nyuma ya neno "mshahara", na mtu atahama kazi mara tatu bila kupata alichokuwa anakitafuta.

HATUA YA PILI: HESABUNI KINACHOFIKA NYUMBANI

Mshahara hutajwa ofisini, lakini huhesabiwa nyumbani. Chukueni karatasi, tuifanye hesabu ya Mombasa pamoja. Makato tunayatoa kwa viwango vya Kenya vya mwaka 2025. Gharama nyingine ni makadirio ya mfano wetu, nanyi mtaweka za kwenu.

Mshahara: 30,000.
Makato: NSSF 1,800, bima ya afya ya SHIF 825, tozo ya nyumba 450, kodi ya mapato kama 730. Jumla ni karibu 3,800.
Kinachoingia mkononi: karibu 26,200.
Kodi ya chumba: 6,000.
Chakula chake peke yake: 7,500.
Nauli za mjini: 2,000.
Safari moja kwa mwezi ya kuja Lamu na kurudi: 3,500.
Simu na gharama za kutuma pesa: 500.
Kinachofika nyumbani: karibu 6,700.

Sasa hesabu ya Shela. Tukichanganya miezi ya mshahara kamili na ile ya nusu, wastani wake ni 15,750 kwa mwezi. Toa makato, inabaki kama 14,100. Mchana anakula kazini. Toa 2,500 ya chakula chake cha jioni. Inabaki 11,600.

Mnaona? Elfu 30 ya Mombasa inaleta nyumbani pungufu ya elfu 18 ya Shela kwa karibu 5,000.

Mume anaweza kujibu kwamba atajibana. Ni kweli, inawezekana. Akishirikiana chumba na mwenzake atalipa 3,000. Akijipikia atatumia 5,000. Akija nyumbani kila baada ya miezi miwili, nauli itapungua kwa nusu. Hapo nyumbani zitafika kama 13,900, yaani 2,300 zaidi ya Shela.

Basi tuitazame 2,300 hiyo bila hasira. Hiyo ndiyo bei ambayo baba anawauzia Mombasa jioni zake zote, na kuonekana nyumbani mara 6 kwa mwaka. Kama ni bei nzuri au mbaya, sisi hatuwezi kusema. Wenye nyumba ndio wataamua. Lakini waamue wakiijua.

Tena hesabu haijakwisha. Mume akiondoka, kazi ya kumhudumia mama yake yote inamwangukia mke. Mke akiacha kushona na kupoteza 4,000 kwa mwezi, safari ya Mombasa imeingiza nyumba katika hasara. Wanaume wengi husahau kuandika pesa hizi kwa sababu hazina hati ya mshahara. Cherehani ya mke ni kazi. Sinia la mahamri ni kazi. Yaandikwe katika daftari kama kazi nyingine, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

HATUA YA TATU: HESABUNI NA SAA

Anayeishi bara huhesabu kilomita. Sisi wa visiwani tunahesabu maji.

Mtu wa mjini Lamu akipata kazi upande wa Mokowe au Hindi, kwa macho anaiona karibu. Lakini kuna boti ya asubuhi, kuna bodaboda au matatu ya ng'ambo, na jioni kuna boti ya mwisho. Kama nauli zote ni 400 kwa siku, kwa siku 26 ni shilingi 10,400. Katika mshahara wa 22,000 hiyo ni karibu nusu. Mwajiri akiwa na chombo chake cha kuwavusha wafanyakazi, kazi hiyo hiyo ina thamani tofauti kabisa. Ni swali la kuuliza kwenye usaili bila haya: "Usafiri ni wa nani?"

Kisiwa cha Pate ndicho kigumu zaidi. Boti za Siyu, Faza na Kizingitini hutegemea maji, na maji yakipwa chombo huweza kusubiri. Saa ya kuondoka hubadilika siku kwa siku kufuatana na mwezi. Mwalimu au muuguzi anayefanya kazi Faza, na watoto wake wako Lamu, hawezi kuahidi kwamba kila Ijumaa saa kumi atakuwa nyumbani. Bahari ndiyo itakayosema. Wakati wa kusi kali, hata safari yenyewe inahitaji ujasiri.

Kwa hiyo msiulize tu "kazi inalipa ngapi?" Ulizeni pia: Itamwondoa mzazi nyumbani saa ngapi, na kumrudisha saa ngapi? Siku ya mapumziko ni ipi? Mtoto akishikwa na homa usiku, ni nani aliye karibu? Baba anayelala nyumbani lakini anaingia watoto wamelala na kutoka hawajaamka, naye amesafiri, ingawa hana mzigo wa safari.

HATUA YA NNE: KAZI IKIWA YA MKE

Mpaka sasa tumezungumza kana kwamba mume ndiye anayepata kazi. Lakini tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, wanawake wengi wa Lamu wameajiriwa katika afya, elimu na ofisi. Wengine wanawapita waume zao kwa mshahara. Hapo ndipo majaribu mengine huanzia.

Wako waume ambao hukataa mke asiajiriwe, na sababu wanayoitoa ni watoto. Sababu hiyo wakati mwingine ni ya kweli. Wakati mwingine ni woga tu wa kupitwa. Mume ajichunguze mwenyewe: kama kazi hiyo hiyo, yenye saa hizo hizo, angepewa yeye, je, angeona kwamba watoto wataharibika? Akijibu hapana, basi tatizo si watoto.

Na wako waume wanaokubali haraka, kisha hawabadili lolote. Mke anatoka kazini saa kumi na moja jioni, anakuta vyombo vya asubuhi vimemngoja, moto haujawashwa, na mume amekaa barazani anacheza bao. Huyo mke sasa ana kazi mbili na mshahara mmoja. Mkikubaliana mke afanye kazi, mkubaliane siku hiyo hiyo nani atachota maji, nani atapika siku zipi, nani ataangalia daftari za watoto. Mume wa Kiswahili aliyekaa melini miezi 6 alijipikia na kufua nguo zake wala hakupungua kitu. Nyumbani napo hatapungua.

Walimu wanalijua jambo hili kwa uchungu. Kuanzia mwaka 2018 wengi walihamishwa mbali na maeneo yao ya kwao, na mume na mke wakajikuta katika kaunti mbili. Malalamiko yakawa mengi hata mwaka 2022 Bunge likataka sera hiyo iondolewe, na mwaka 2023 baadhi wakaanza kurudishwa karibu na nyumbani. Somo lake ni hili: kabla ya kusaini kazi ambayo mwajiri anaweza kukuhamisha popote, mjiulize wawili mtafanya nini siku barua ya uhamisho itakapofika. Msiseme "tutaona". Wengi waliosema hivyo wamekwisha kuona.

HATUA YA TANO: USIACHE MBACHAO KWA MSALA UPITAO

Mbacha ni mkeka mkuukuu, lakini ni wako, na unaulalia. Msala upitao ni mzuri, ila unapita. Wahenga walijua kuishi.

Usiiache kazi ya zamani kwa ahadi ya simu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Uombeni mkataba, muusome nyumbani kwa pamoja, na mtazame mambo haya:

1. Muda wa majaribio. Kisheria hauzidi miezi 6, ingawa unaweza kuongezwa kwa makubaliano hadi mwaka mmoja. Katika muda huo unaweza kuachishwa kwa notisi ya siku 7 tu. Kwa hiyo familia isihamishwe, wala vitu visiuzwe, kabla muda huo haujapita.

2. Mapumziko. Mfanyakazi ana haki ya siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo. Kwa mtu wa mbali, siku hizo 21 ndizo familia yake. Ulizeni kama zinaweza kuchukuliwa watoto wakiwa likizoni.

3. Uzazi. Mama ana miezi 3 ya likizo yenye malipo, na baba wiki 2. Akina baba wengi hawaombi wiki zao. Waziombe.

4. Nyumba. Mwajiri anatakiwa kutoa makazi yanayofaa au pesa za kutosha za pango, isipokuwa kama mkataba unasema pango limo ndani ya mshahara. Elfu 30 "pamoja na pango" na elfu 30 "bila pango" ni mishahara miwili tofauti.

5. Kuaga. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28, kama mkataba hausemi zaidi. Ondoka vizuri. Visiwani watu wanajuana, na mwajiri uliyemkimbia leo huenda kesho akaulizwa habari zako.

Kuna pia wanaoitwa Ghuba, hasa kina mama, kufanya kazi za nyumbani. Wako waliojenga nyumba kwa kazi hiyo, na wako waliorudi na majeraha. Wakala anayekupeleka ni lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Hakikisheni jina lake kabla ya kutoa pasipoti au shilingi moja. Mkataba wa huko kwa kawaida ni wa miaka 2. Mtoto mnayemwacha akitambaa mtamkuta anakimbia, na pengine atamwita shangazi yake mama. Mkiweza kulibeba jambo hilo, libebeni mkiwa mmelitaja.

KAMA NI LAZIMA KUTENGANA

Hatusemi kwamba kazi ya mbali ni dhambi. Nyumba isiyo na mshahara wowote haina anasa ya kuchagua. Mvuvi ambaye bahari yake imefungwa, na watoto hawajala, akipata kazi ya halali Mombasa au Nairobi aende, tena aende kwa baraka za mkewe. Lakini wanaotengana kwa ajili ya kazi na waweke mapatano manne kabla ya kupanda boti.

Kwanza, muda. "Nakwenda mpaka mtoto amalize shule ya upili" ni mapatano. "Nakwenda kutafuta" si mapatano. Muda ukifika, kaeni tena na kuamua upya.

Pili, pesa. Itatumwa kiasi gani, tarehe gani, na nani ataamua matumizi yake. Mke asigeuzwe mwombaji anayepiga simu kila wiki kuomba pesa ya unga. Naye mume asigeuzwe kisima ambacho hukumbukwa watu wakiwa na kiu tu.

Tatu, mazungumzo. Chagueni saa ya kuzungumza ambayo si ya kudaiana. Watoto nao wazungumze na baba yao au mama yao, hata kama ni kueleza habari za paka.

Nne, uaminifu. Tulitaje waziwazi, maana kulificha hakusaidii. Upweke wa chumba cha kupanga ni mkali, na upweke wa anayebaki ni mkali vile vile. Jirani, rafiki wa kazini au shemeji mwenye huruma nyingi anaweza kuwa mlango wa maafa. Waambianeni mnapokuwa dhaifu kabla ya jambo kutokea. Anayesema "nimechoka kukaa peke yangu" anaililia ndoa yake. Msimjibu kwa kumshuku.

NENO KWA WAAJIRI

Miongoni mwa wasomaji wetu wako wenye maduka, vyombo, shule na nyumba za wageni. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, alifundisha kwamba malipo ya haki ni yale yanayomwezesha mwenye familia kuianzisha na kuitunza, ama kwa mshahara wenyewe ama kwa misaada mingine kwa ajili ya familia. Kama huwezi kuongeza mshahara, pengine unaweza kumwachia mfanyakazi Jumapili yake, kumlipa tarehe isiyobadilika, au kumwambia mapema kwamba Mei itakuwa ya nusu. Mambo hayo hayana gharama kubwa, nayo huokoa ndoa za watu.

TUMALIZIE

Mpishi wetu na mkewe wangeweza kuamua lolote kati ya matatu: kubaki Shela na kuziba miezi 3, kwenda Mombasa kwa muda uliopangwa, au wote kuhamia Mombasa baada ya muda wa majaribio na kumchukua mama pamoja nao. Kila njia ina gharama yake. Ambayo haina faida hata kidogo ni ile ya mume kuamua njiani na mke kukuna nazi kimya.

Wahenga walisema, nahodha wengi, chombo huenda mrama. Wengine huutumia usemi huo kumnyamazisha mke. Lakini nahodha mwenye akili, kabla ya kung'oa nanga, humwuliza aliye gubetini, maana huyo ndiye anayeuona mwamba.

Jioni hii, watoto wakilala, zimeni redio, chukueni daftari na mjibu maswali haya, kila mmoja kwa zamu, mwenzake asimkatize:

1. Pengo la nyumba yetu ni lipi, ni la miezi ipi, na ni kiasi gani?
2. Kazi tuliyo nayo sasa inaleta nyumbani kiasi gani baada ya nauli, chakula na makato?
3. Kazi tunayoitamani itamwondoa mmoja wetu nyumbani saa ngapi kwa siku, au siku ngapi kwa mwezi?
4. Nani atabeba kazi za yule anayeondoka, na yeye atapoteza nini?
5. Ni jambo gani ambalo hatuko tayari kuliuza kwa mshahara wowote?

Swali la tano ndilo gumu. Msilikimbie. Mkishalijibu, mtaweza kwenda kwenye usaili na moyo uliotulia, kwa sababu mtajua ni kitu gani mnaweza kukubali na ni kitu gani mtakikataa kwa heshima, na mtarudi nyumbani mkiwa bado marafiki.

Hadi toleo lijalo, kaeni kwa amani.